Usukani Baada ya Kifungo: Sheria, Waajiri na Udereva wa Malori Marekani

Mtu anayetoka gerezani Marekani mara nyingi hushauriwa ajifunze kuendesha lori. Ushauri huo una mantiki: kazi haidai shahada, mafunzo yake huchukua wiki kadhaa tu, na mshahara wake hutosha kulisha familia. Hata hivyo, wengi huhitimu, hupata leseni, kisha hukosa mwajiri. Makala hii inatetea hoja kwamba kinachowazuia zaidi ni kanuni za jumla ambazo makampuni hujitungia, kanuni zinazompima mtu kwa kifungo chake bila kuuliza alifanya nini na lini.

Tuanze na sheria ya shirikisho, ambayo haimnyimi mtu leseni ya kuendesha magari ya kibiashara kwa kuwa tu aliwahi kufungwa. Huangalia uhusiano wa kosa na gari. Anayepatikana na hatia ya kuendesha akiwa amelewa hupoteza haki ya kuendesha lori kwa mwaka 1, au miaka 3 kama alikuwa amebeba mizigo hatari. Aliyetumia gari katika biashara ya dawa za kulevya yenye uzito wa kosa kubwa la jinai hufungiwa maisha. Kibali cha mizigo hatari kina masharti yake: uhaini na ugaidi humzuia mtu daima, ilhali unyang'anyi au uchomaji wa mali humzuia ikiwa alihukumiwa ndani ya miaka 7 iliyopita au aliachiwa ndani ya miaka 5. Sheria hii ni kali, lakini ina ngazi.

Ngazi hizo hupotea mlangoni mwa mwajiri. Makampuni mengi hukataa kila mwenye hukumu ya jinai ya miaka 5, 7 au 10 iliyopita, awe alighushi hundi au alijeruhi mtu. Fomu ya maombi nayo humtaka dereva ataje waajiri wake wa miaka 3, na kama aliwahi kuendesha magari ya kibiashara, arudi nyuma miaka 7 zaidi. Miaka ya gerezani hubaki pengo analopaswa kulieleza kwa mtu asiyemfahamu. Aliye chini ya parole, yaani aliyeachiwa kwa masharti kabla kifungo hakijaisha, huhitaji pia ruhusa ya kuvuka mpaka wa jimbo, na safari ndefu ndizo zinazoajiri wageni wengi katika kazi hii.

Uzito wa rekodi ya jinai ulipimwa na mwanasosholojia Devah Pager katika utafiti wa Milwaukee uliochapishwa mwaka 2003. Vijana wenye sifa zinazolingana waliomba kazi za ngazi ya chini. Miongoni mwa wazungu, asilimia 34 ya maombi yasiyo na rekodi yaliitikiwa, na asilimia 17 ya yale yenye rekodi. Kwa weusi ilikuwa asilimia 14 na 5. Mweusi asiye na kosa alipata nafasi ndogo kuliko mzungu aliyetoka kifungoni. Kanuni inayojiita ya jumla, basi, haiwaangukii wote kwa uzito mmoja.

Waajiri wana hoja ambayo hatuwezi kuipuuza. Dereva hukaa peke yake na shehena ya thamani kubwa, ndani ya chombo kinachoweza kufikia pauni 80,000, na ajali ikitokea kampuni hushtakiwa kwa kuajiri kizembe. Lakini hofu hii ndiyo inayodai uchunguzi wa mtu mmoja mmoja. Rekodi ya ajali, ulevi na mwendokasi hueleza zaidi hatari ya barabarani kuliko hukumu ya zamani ya kughushi. Kuhusu wizi, tangu 1966 serikali ya shirikisho ina mpango wa dhamana unaomfidia mwajiri, bila malipo, katika miezi 6 ya kwanza ya ajira.

Mahakama nazo zimeshasema. Kampuni ya reli ya Missouri Pacific ilimkataa Buck Green, Mmarekani mweusi aliyefungwa kwa kukataa kuandikishwa jeshini, alipoomba kazi ya ukarani. Mwaka 1975 mahakama ya rufaa iliamua kwamba kumkataa kila mwenye hukumu kulikiuka Sheria ya Haki za Kiraia ya 1964. Kutokana na kesi hiyo vilipatikana vigezo 3 ambavyo tume ya usawa wa ajira ilivisisitiza mwaka 2012: aina na uzito wa kosa, muda uliopita, na aina ya kazi.

Vigezo hivyo vinatosha kuandika kanuni mpya ya ajira katika sekta hii. Kampuni isome rekodi baada ya usaili, imwambie mwombaji ni kosa gani limemzuia na kwa muda gani, na impe nafasi ya kujibu. Maafisa wa parole waidhinishe njia za safari mapema, kabla ajira haijapotea. Suala hili linatuhusu hata Afrika Mashariki, ambako waajiri wengi wa Kenya huomba cheti cha maadili mema kutoka polisi kabla ya kumwajiri dereva. Mahakama ikishapanga adhabu na mfungwa akaimaliza, mwajiri asijipe mamlaka ya kuirefusha.