Roki ya Bongo kwenye santuri: Sunburst na sikio langu

Wadau, mkisikia neno roki mnamkumbuka Freddie Mercury, aliyezaliwa Unguja mwaka 1946, mnatabasamu, basi, habari imekwisha. Leo nawaleta karibu zaidi. Sunburst walikuwa vijana wa Dar es Salaam wa miaka ya sabini, James Mpungo akiimba, Hembi Flory Kongo kwenye gitaa. Walitoa albamu moja tu, Ave Africa, mwaka 1976. Na haikutoka Dar. Ilitoka Zambia!

Kwa nini? Tanzania haikuwa na kiwanda cha kufyatua santuri. Bendi zetu zilirekodi Radio Tanzania, Barabara ya Pugu. Wimbo uliingia kwenye mkanda, ukapigwa hewani, kisha mkanda ukarudi kabatini. Msikilizaji hakuwa na cha kununua dukani. Aliyetaka santuri alifunga safari ya Nairobi, kama alivyofanya Mbaraka Mwinshehe. Mpaka wa Kenya nao ukafungwa Februari 1977. Huko Zambia vijana walikuwa wameshapagawa na magitaa yenye mikwaruzo, akina WITCH na Amanaz, kwa hiyo Sunburst walikuta masikio yaliyo tayari.

Mwaka 2016 kampuni ya Strut ya London ilikusanya rekodi zao za 1973 mpaka 1976, zikiwemo zile za Radio Tanzania, ikazitoa upya, pamoja na toleo la santuri. Nimeisikiliza hapa Bagamoyo kwenye mashine ya mjomba, madirisha yote yamefungwa. Joto lake msiulize. Upepo wa bahari huleta mchanga na chumvi, na sindano haipatani na vitu hivyo.

Sasa tuje kwenye sauti yenyewe. Albamu ya Zambia imeshiba, besi inakaa kifuani na kila chombo kina nafasi yake. Za redio ni kavu zaidi, bendi imebanana kama abiria wa daladala. Ajabu ni kwamba mimi nazipenda hizo za redio. Nasikia watu wanapiga pamoja chumbani, hakuna aliyewapamba.

Ila tuwe waadilifu tunapohukumu. Santuri kubwa huzunguka mara 33 na theluthi kwa dakika, iwe sindano iko pembeni au karibu na katikati. Kule katikati mzunguko ni mfupi, kwa hiyo mawimbi yale yale ya sauti yanabanwa kwenye njia fupi. Matasa na herufi "s" huanza kukwaruza. Ukisikia wimbo wa mwisho wa upande una ukungu, usikimbilie kumlaumu fundi wa studio. Nimesoma wengi wanaosema rekodi za Afrika ni "chafu" bila hata kujua wimbo umekaa wapi kwenye santuri, au santuri yenyewe imepita kwenye sindano ngapi zilizochakaa.

Kinachoniuma ni kingine. Mikanda ya Barabara ya Pugu ilirithiwa na TBC, na mikanda ya sumaku huoza taratibu kwa joto na unyevu wa pwani. Sunburst wameokoka kwa sababu mtu wa London alipenda roki. Bendi ngapi za dansi hazijampata mtu wake?

Kati ya nyimbo zao uko Enzi za Utumwani. Nimeupiga mara tatu, mji huu huu ulikoishia msafara wa watumwa kutoka bara. Mara ya tatu mjomba akaniambia niongeze sauti.