Zulia ndani ya boti

Kila majira ya joto yakikaribia, jamaa zetu wengi wa huku Ohio huanza kulizungumza Ziwa Erie kama vile nyumbani tulivyokuwa tukizungumza msimu wa dagaa. Mwaka huu kijana mmoja miongoni mwetu amenunua boti kuukuu ya alumini, urefu wake futi 16. Aliipata kwa bei ya chini kwa sababu sakafu yake ilikuwa imeoza. Akanijia na suali moja: "Ami, nitie zulia au nitie vinaili?" Vinaili ni ile plastiki ya sakafuni ambayo wengi wetu tukiiita kapeti la plastiki.

Nilidhani ni suali la dakika mbili, la kuuliza bei na rangi. Nilipolifuatilia nikaona lina historia ndefu, na ndani ya historia hiyo ndimo lilimo jibu. Nimeona si vibaya kuwashirikisha, kwani wako wengine watakaonunua boti za namna hiyo.

Tuanze na kwetu. Mwandishi wa ule mwongozo wa kale wa mabaharia uitwao Periplus, ulioandikwa kwa Kigiriki katika karne ya kwanza baada ya Masihi, aliutaja mji wa Rhapta katika pwani ya Afrika Mashariki, akaeleza kuwa jina lake lilitokana na vyombo vyake vya kushonwa. Mtepe wa Lamu na visiwa vya Wabajuni ulikuwa katika ukoo huo: mbao zilishonwa kwa kamba za nazi, na tanga lilikuwa ni mkeka. Ungemwambia mzee wa Pate habari ya mkeka chomboni, angetazama juu, asitazame chini. Chini palihitaji kuachwa wazi, maana chombo cha kushonwa huvuja, na mabaharia hawana budi kufua maji mchana na usiku. Hata katika mashua za misumari zilizokuja baadaye, aghalabu mvuvi hukanyaga mbao zilizolazwa tu juu ya mataruma, ili aweze kuziinua, aione ngama, ayafue maji kwa upo au kwa kopo. Damu na magamba ya samaki humwagiwa ndoo ya maji ya bahari, kazi ikaisha.

Na zulia je? Zulia lilijulikana sana baharini, lakini kama bidhaa. Majahazi ya Ghuba yaliyokuja na kaskazi yalileta tende, samaki wa chumvi na mazulia ya Uajemi, yakarejea na kusi yakiwa yamesheheni boriti za Rufiji na Lamu. Alan Villiers, baharia na mwandishi wa Australia, alisafiri katika jahazi la Kuwait mwaka 1938 na 1939, akaiona biashara hiyo katika miaka yake ya mwisho. Zulia likitandikwa juu ya sitaha, lilikuwa likitandikwa kwa muda. Kiswahili chenyewe kinashuhudia: kinachotandikwa hutanduliwa. Hapa Marekani zulia la boti halitandikwi. Hubandikwa kwa gundi, na hapo ndipo balaa linapoanza.

Vinaili nayo ina mababu zake. Katika miaka ya 1860 Muingereza Frederick Walton alivumbua linoliamu, baada ya kuona ngozi laini iliyoganda juu ya rangi ya mafuta ndani ya kopo. Ilikuwa sakafu ya mafuta ya kitani na unga wa maganda ya mti. Ilienea majumbani, mahospitalini, na hatimaye katika meli za kivita. Lakini ilikuwa ikishika moto. Baada ya shambulio la Pearl Harbor mnamo Desemba 1941, jeshi la majini la Marekani lilianza kuibandua kutoka katika manowari zake. Huo ni ushahidi wa mapema kuwa kinachofunika sakafu ya chombo si pambo tu, kinaweza kugharimu roho za watu.

Wakati huo mrithi wa linoliamu alikuwa amekwisha kuzaliwa, tena si mbali na hapa tulipo. Mwaka 1926, katika mji wa Akron, mkemia Waldo Semon wa kampuni ya B.F. Goodrich alikuwa akitafuta gundi ya kushikamanisha mpira na chuma. Gundi aliyoitaka hakuipata. Alipata njia ya kuilainisha plastiki iitwayo PVC, ambayo hadi hapo ilikuwa ngumu na haina kazi ya maana. Vinaili ikatoka hapo, na baada ya vita vya pili vya dunia ikaingia jikoni mwa kila mtu. Sifa zake ni zile zile tulizozoea: hainyonyi maji, damu ya samaki hufutika, na ndoana haimo ndani yake. Aibu zake nazo tunazijua: hupata moto chini ya jua, huteleza ikilowa kama haina mikwaruzo, na baada ya miaka mingi vilainishi vyake hutoka, ikakakamaa na kupasuka.

Basi kama kitu hicho kilikuwapo, zulia liliingiaje katika boti ya mvuvi? Hapa lazima tuangalie mambo matatu yaliyokutana.

La kwanza ni bei. Katika mji wa Dalton, jimbo la Georgia, msichana aitwaye Catherine Evans alianza kutengeneza mashuka ya vitanda yenye nyuzi za kusimama, na mwaka 1900 akauza moja kwa dola 2 na senti 50. Kazi hiyo ya mikono ikaenea vijijini, ikapata mashine, na baada ya vita mashine hizo zikageuzwa kutoka kutengeneza mashuka hadi kutengeneza mazulia. Dalton ikawa mji mkuu wa mazulia wa Marekani. Kisha ikaja polipropilini, plastiki ambayo Giulio Natta wa Italia aliitengeneza mwaka 1954. Uzi wake hauozi. Zulia likawa rahisi, likatoka sebuleni hadi varandani, na kutoka varandani hadi kwenye maji.

La pili ni namna ya kuvua. Mwaka 1948 Holmes Thurmond wa Shreveport, Louisiana, alianza kuunda boti ndogo nyembamba aliyoiita Skeeter, iliyokusudiwa samaki wa maji baridi aitwaye bass. Mwaka 1967 wakala wa bima kutoka Alabama, Ray Scott, aliandaa mashindano katika ziwa la Beaver, Arkansas. Wavuvi 106 walishiriki, kila mmoja akalipa ada ya dola 100. Mwaka uliofuata alianzisha chama cha wavuvi wa bass, na mwaka huo huo wa 1968 Forrest Wood na mkewe Nina wakaanza kuunda boti za Ranger katika mji mdogo wa Flippin, Arkansas. Katika boti za aina hii mvuvi husimama juu ya jukwaa la mbele siku nzima, akiendesha injini ndogo ya umeme kwa mguu. Anataka miguu isichoke, na anataka risasi ya mshipi ikianguka isigonge kwa kishindo cha kumtimua samaki. Zulia linampa yote mawili.

La tatu, ambalo mimi naliona kuwa ndilo kubwa, ni damu. Mwaka 1972 Ray Scott alianza kampeni ya kutaka samaki wa mashindano wasiuawe. Samaki hutiwa katika tangi la maji lenye kupulizwa hewa ndani ya boti, hupimwa uzito, hurejeshwa ziwani akiwa hai. Jambo la kheri kwa ziwa, sina neno. Lakini tazama lilivyoibadilisha sakafu. Mahala ambapo samaki hapasuliwi wala hatapitapi hadi kufa, hapana damu wala utumbo wa kuosha. Sisemi kuwa kuna mtu aliyekaa akapanga hivyo. Nasema kuwa zulia lilipata nafasi kwa sababu uvuvi wenyewe ulikuwa umegeuka mchezo. Boti ikawa jukwaa, na jukwaa likatandazwa zulia. Kisha viwanda vikaiga, hata boti ya alumini ya mtu anayevua kitoweo cha wanawe nayo ikapewa zulia la kugandishwa kwa gundi.

Sasa tutazame chini yake. Mwaka 1958 boti za Boston Whaler ziliingia sokoni zikiwa na povu gumu katikati ya kuta mbili, na mwaka 1961 jarida la Life lilionyesha picha za boti hiyo ikikatwa kwa msumeno vipande viwili bila kuzama. Sheria ya usalama wa boti ya mwaka 1971 ikafungua njia ya kanuni zinazotaka boti nyingi za injini zilizo chini ya futi 20 ziendelee kuelea hata zikijaa maji. Kwa hiyo ndani ya boti nyingi, chini ya sakafu ya plaiwudi, kumejazwa povu. Povu hilo limeokoa watu wengi. Lakini povu la zamani likikaa majini miaka mingi hunyonya, na likinyonya lita 100 limeongeza kilo 100 chomboni, sawa na kumpakia mtu mzima ambaye hukumhesabu.

Hapa ndipo vinaili na zulia hukutana katika kosa moja. Uzi wa zulia hauozi, lakini hushika maji na kuyakalisha juu ya mbao. Vinaili haipitishi maji, ila yakipenya pembeni au kwenye tundu la skurubu, haiyapi njia ya kutoka. Mwenye boti hukanyaga juu pakavu, na chini mbao inaliwa. Wahenga hawakukosea: kikulacho ki nguoni mwako.

Kuna na jambo la mbao zenyewe. Mtu akiona plaiwudi imeoza, fikra yake ya kwanza ni kununua ile iliyotiwa dawa. Tangu mwisho wa mwaka 2003 viwanda vya Marekani viliacha kutumia dawa ya zamani yenye aseniki katika mbao za majumbani, na dawa nyingi zilizochukua nafasi yake zina shaba nyingi zaidi. Shaba na alumini zikigusana penye unyevu, alumini huliwa. Yaani mtu huweka sakafu isiyooza juu ya boti inayotoboka.

Tulipoibandua sakafu ya boti ya kijana wetu, zulia lilitoka na tabaka la mbao limegandamana nalo, laini kama mkate uliotiwa chai. Chini yake tulitoa vipande vya povu ambavyo mtu mmoja hakuweza kuvinyanyua peke yake. Alikuwa ameshaahidi kuwachukua wanawe wawili wiki ile ile. Hakusema kitu kwa muda mrefu, akenda kumpigia simu mama watoto kumwambia kuwa safari imeahirishwa.

Nikamjibu suali lake hivi. Wewe unavua walleye ili wapikwe, na samaki wako atamwaga damu, basi tia vinaili: yenye mikwaruzo, isiyo ya rangi nyeusi, kwa sababu ya jua na nyayo za watoto. Chini yake weka plaiwudi ya boti isiyo na dawa ya shaba, kingo zake na kila tundu vipakwe rangi ya kuzuia maji kabla haijafungwa. Povu lililolowa litolewe, litiwe jipya la kiasi kile kile, wala usiliache wazi ukidhani umepunguza mzigo. Sakafu ifungwe kwa skurubu za chuma kisichoshika kutu, na nyuma ukate kifuniko cha kuinua, ili kila ukitoka majini uitazame ngama.

Kuhusu zulia sikumkataza. Alikata kipande kidogo cha kusimamia pale mbele, akakitia vifungo vya kubonyeza, akawa anakitandika asubuhi. Jioni hukitandua, akakianika uani kwenye kamba ya nguo.

Watoto walienda wiki tatu baadaye.