Saa na Ardhi katika Mtambo wa Cray-1

Maneno mawili ya kawaida, saa na ardhi, yamepata maana ya pekee mikononi mwa mafundi wa kompyuta, na yafaa tuyaeleze kabla ya kuingia katika historia yenyewe. Saa ya fundi haimwambii mtu kuwa adhuhuri imefika. Ni mapigo ya umeme yaliyo sawasawa, ambayo sehemu zote za mtambo huyafuata, kama wachezaji wamfuatavyo mpiga ngoma. Ardhi nayo si udongo. Katika kibao cha saketi ni tabaka la shaba ambalo nguvu ya kila ishara hupimwa kutokana nalo, kama tupimavyo kimo cha mlima kutoka usawa wa bahari. Mikondo ikibadilika ghafula, usawa huo hutikisika, na sifuri yaweza kusomwa kuwa moja.

Seymour Cray, Mmarekani, aliyajua matatizo hayo tangu alipobuni mtambo wa CDC 6600, uliotolewa mwaka 1964. Mwaka 1972 alianzisha kampuni yake mwenyewe, na mwaka 1976 Cray-1 ya kwanza ikapelekwa Los Alamos. Saa yake ilipiga mara milioni 80 kwa sekunde, yaani pigo moja kila nanosekunde 12.5. Katika nanosekunde moja mwanga hwenda sentimita 30 tu, na ishara ndani ya waya hwenda pungufu ya hapo. Kwa hiyo ishara mbili zilizoondoka pamoja, moja kwa waya mfupi na nyingine kwa waya mrefu, hazifiki pamoja. Iliyochelewa hukuta pigo limekwisha pita, na mtambo waweza kutoa jibu la uongo huku ukiendelea na kazi kana kwamba hapana lililotokea. Hilo ni baya kuliko kuharibika kabisa, kwani mtambo uliosimama humwonya mwenyewe.

Cray aliujenga mtambo kwa umbo la herufi C, nyaya zikapita upande wa ndani, ulio mfupi. Hapana waya uliozidi futi 4. Kisha kila waya ulikatwa kwa kipimo chake, ukaunganishwa kwa mkono, ili ishara ifike kwa wakati wake hasa. Urefu ukawa ndio wakati. Wengi husifu kasi ya mtambo huu. Mimi naona ukataji huu wa nyaya wastahili sifa zaidi.

Kuhusu ardhi, kila ishara ilipelekwa kwa nyaya mbili zilizosokotwa pamoja: moja ikipanda, mwenzake hushuka. Hivyo jumla ya mkondo ilikaa karibu sawa sikuzote, msukosuko ukapungua, hata Cray akajivunia kwamba umeme ulioulisha mtambo wake haukuhitaji kidhibiti. Gharama yake ilikuwa joto jingi, lililoondolewa kwa mabomba ya freoni.

Atazamaye kibao cha kompyuta ya leo ataona njia nyembamba za shaba zilizopindwapindwa kama nyoka, bila sababu ionekanayo kwa macho. Hizo ni njia fupi zilizorefushwa kwa makusudi zilingane na zile ndefu. Zamani kazi hiyo ilifanywa kwa koleo. Siku hizi huchorwa kwa programu.