Kidole Gumba na Historia ya Kiatu Kiminini

Nundu inayotokeza ubavuni mwa mguu, penye shina la kidole gumba, kwa kawaida si nyama iliyoota. Mfupa mrefu ulio nyuma ya kidole husogea polepole kuelekea mguu wa pili, nacho kidole chenyewe huvilalia vingine. Kiungo hubaki kimechomoza, kikisuguliwa na kiatu hadi kinavimba, kinakuwa chekundu na kuuma. Umbo la mguu lenye mwelekeo huo hurithiwa katika ukoo, na wanawake huugua zaidi ya wanaume. Kiatu chembamba huzidisha tatizo. Ndiyo maana maradhi haya yana historia yake Kiminini, mji wa wakulima ulio kwenye barabara ya Kitale kwenda Webuye.

Baada ya Vita Kuu ya Kwanza, serikali ya kikoloni iliwagawia askari wa Kizungu mashamba Trans Nzoia, eneo ulimo mji huo, na kufikia mwaka 1926 reli ilikuwa imefika Kitale kubeba mahindi. Wabukusu, Wasabaoti na wengine waliolima na kuvuna mashamba hayo walifanya kazi peku. Mguu uliokua bila kiatu hupanuka mbele, vidole vikaachana, kidole gumba kikanyooka. Daktari Mmarekani Phil Hoffmann aliandika hivyo mwaka 1905, baada ya kuchunguza miguu ya watu wa Ufilipino na wa Afrika ya Kati waliozoea kutembea peku. Mwaka 1958 watafiti wa Hong Kong walitoa hesabu: waliovaa viatu, 33 katika kila 100 walikuwa na kidole gumba kilichopinda; wasiovaa hawakufika hata wawili.

Lakini anayezisifu siku za peku asisahau gharama yake. Funza walivushwa kutoka Brazil hadi Angola mwaka 1872, wakasambaa barani, na kabla ya karne hiyo kwisha walikuwa wamefika pwani ya Afrika Mashariki. Mtu aliyejaa funza hutembea kwa visigino. Minyoo ya safura nayo huingia kupitia ngozi ya wayo. Mlima Elgon, unaoonekana kutoka Kiminini, una udongo wa volkano, na udongo wa namna hiyo ukipenya ngozi ya mguu miaka mingi huvimbisha miguu mithili ya matende, ingawa hakuna mbu aliyehusika. Upande wa Uganda, huko Kapchorwa, watafiti waliueleza ugonjwa huo mwaka 2001. Kiatu, basi, kilikuwa kinga ya kweli, na waliokitamani hawakuwa wakiiga Wazungu tu.

Kinga ya kwanza iliyomfikia maskini ilikuwa akala. Fundi humsimamisha mteja juu ya kipande cha tairi kuukuu, huchora mzingo wa mguu wake, kisha hukata kwa kisu kikali akiuloweka mpira kwa maji ili usikishike mno. Kanda za mpira hupigiliwa misumari pembeni, na mbele huachwa wazi. Kwa hiyo akala hufuata mguu ulivyo. Ni nzito, na ukingo wake huweza kuchubua ngozi, lakini kidole gumba hakibanwi.

Kiatu kilichofumbwa mbele kilienea polepole. Kampuni ya viatu ya Bata ilianza kazi Kenya mwaka 1939, na kiwanda chake cha Limuru kikawavisha wanafunzi wa vizazi kadhaa. Mzazi wa Kiminini, akisubiri hela za mahindi, hununua kiatu kikubwa ili mtoto akikulie, kisha mtoto hukivaa hata kinapombana kwa kuwa hakuna kingine. Baadaye hukirithi mdogo wake. Miezi hiyo ya mwisho ndiyo yenye madhara, maana mifupa ya mtoto ingali laini. Soko lilipofunguliwa miaka ya 1990, mitumba ilileta viatu vya ngozi na vya visigino virefu kwa bei nafuu, vingi vikiwa vimeshachukua umbo la mguu wa mvaaji wa kwanza. Uingereza iliwahi kupitia hayo: mifupa iliyofukuliwa Cambridge ilionyesha kwamba katika karne ya 14 na 15, mtindo wa viatu vyenye ncha ulipotamba, asilimia 27 ya watu walikuwa na kidole kilichopinda, kutoka asilimia 6 katika karne zilizotangulia.

Nafuu huanza na kiatu: kipana mbele, kisigino kifupi, kikinunuliwa jioni mguu ukiwa umetanuka, na kupimwa mtu akiwa amesimama. Barafu, kitambaa laini juu ya nundu na dawa ya maumivu hutuliza. Vifaa vya kunyoosha kidole usiku huweza kupunguza maumivu lakini havirudishi mfupa. Kiungo kikivimba ghafla kwa maumivu makali, huenda ni jongo, na mwenye kisukari asikawie kumwona daktari hata kwa mchubuko mdogo. Upasuaji hukata mfupa na kuunyoosha, na kupona huchukua miezi. Hufaa pale maumivu yanapomzuia mtu kutembea na kufanya kazi. Kwa ajili ya sura ya mguu pekee haufai.