Maji Safi na Maji Salama: Kichujio, Maabara na Biashara ya Sangara Mwanza

Mji wa Mwanza umekaa juu ya majabali katika ukingo wa kusini wa Ziwa Viktoria, na watu wake hunywa, hufua na huvua katika maji hayo hayo. Maji ya ziwa huweza kuitwa safi, na huweza kuitwa salama. Maneno yote mawili yana asili ya Kiarabu, na katika mazungumzo aghalabu moja hushika mahali pa mwenziwe. Lakini historia ya biashara ya samaki katika ufuko huo, hasa baina ya mwaka 1997 na 2000, yaonyesha kwamba kati ya maneno hayo pana umbali mkubwa.

Usafi ni jambo la macho. Maji yaliyopitishwa katika kitambaa huacha takataka nyuma, na mwenye kuyatazama huridhika. Usalama ni jambo lisiloonekana, na hauna budi kuthibitishwa. Tofauti hiyo ilidhihirika Ujerumani mwaka 1892, kipindupindu kilipoua watu zaidi ya 8,000 katika mji wa Hamburg, uliokunywa maji ya mto Elbe bila kuyachuja. Altona, mji wa jirani uliokuwa chini zaidi ya mto, ulipitisha maji yake katika mchanga, nao ukaokoka kwa kiasi kikubwa. Robert Koch alijifunza kutokana na tukio hilo kwamba kichujio chenyewe lazima kipimwe: maji yanayotoka yahesabiwe bakteria zake kila siku, kwa kuwa mchanga uliopasuka au uliochoka haujulikani kwa kutazamwa. Koch huyo huyo alipita Mwanza mwaka 1906, alipokuwa akienda visiwa vya Ssese kuchunguza ugonjwa wa malale.

Katika karne ya 20 kichujio kilipata kazi ya pili, yaani kuwa chombo cha kupimia. Mililita 100 za maji hupitishwa katika utando mwembamba wenye vitundu vya maikromita 0.45, ambavyo havifiki nusu ya sehemu moja ya elfu ya milimita. Bakteria hunaswa juu yake. Utando huwekwa juu ya chakula cha kukuzia, kisha hutiwa katika sanduku lenye joto la nyuzi 44 kwa muda wa siku moja. Kila bakteria ya kinyesi iliyo hai huzaa doa linaloonekana, na madoa huhesabiwa. Katika maji ya kunywa hesabu inayotakiwa ni sifuri. Hivyo lisiloonekana hurudishwa mbele ya macho, na usalama hupata ushahidi.

Ushahidi wa namna hiyo ulikuja kuwa sharti la biashara. Sangara, samaki aliyetiwa ziwani katika miaka ya 1950 na 1960, aliongezeka mno katika miaka ya 1980, na viwanda vya minofu vikajengwa Mwanza kwa ajili ya soko la Ulaya. Sheria ya Ulaya ya mwaka 1991 ilitaka maji ya kuoshea samaki, na barafu ya kuwahifadhi, yawe na ubora wa maji ya kunywa. Kiwanda kinachovuta maji ziwani kilipaswa kuyatuliza kwa shabu, kuyapitisha mchangani na kuyatia klorini. Kisha kilipaswa kuonyesha kwa maandishi kwamba kazi hiyo imefaulu.

Mwishoni mwa 1997 mvua kubwa za El Niño zilifuatwa na kipindupindu katika Afrika Mashariki. Januari 1998 Jumuiya ya Ulaya ilizuia samaki wabichi wa Tanzania, Kenya, Uganda na Msumbiji, na zuio hilo likadumu hadi katikati ya mwaka. Shirika la Afya Duniani halikuona sababu ya kiafya ya kufunga biashara hiyo. Lakini hoja hiyo haikutosha kufungua mlango, kwani kilichotakiwa kilikuwa uthibitisho kutoka nchi zenyewe. Aprili 1999 mlango ulifungwa tena kwa nchi tatu za ziwa, baada ya habari za watu kuvua kwa sumu ya kuulia wadudu. Hapa kichujio hakikufaa kitu, maana mabaki ya sumu ndani ya nyama hayachujwi. Yahitaji vyombo vya kutenganisha na kupima kemikali, na uwezo huo ulikuwa haba. Wavuvi ambao hawakutia sumu majini walipata hasara pamoja na waliotia, kwa kuwa hapakuwa na kipimo cha kuwatenga.

Kufikia mwisho wa mwaka 2000 soko lilikuwa limefunguliwa tena. Tanzania iliweka ukaguzi wa samaki chini ya mamlaka moja, Idara ya Uvuvi, na maabara ya ubora wa samaki ya Nyegezi, Mwanza, ikawa nguzo ya kazi hiyo.

Basi neno safi laeleza kazi ya kichujio, na neno salama laeleza hukumu ya kipimo. Mvuvi asiye na maabara nyuma yake anaweza kuwa na samaki mwema na asiweze kumwuza.