Pamba ya Spiriti

Nusura Kukhu aondoke bila chanjo ya korona, sababu nesi hakumpaka spiriti. “Huyu ataniingizia uchafu,” akaninong'oneza. Hapa Kakamega wengi wetu tumekua tukijua kwamba sindano huanza na ile pamba baridi.

Lakini historia iko na jibu. Mwaka wa 1969, daktari T. C. Dann aliandika katika jarida la Lancet, Uingereza, kuhusu sindano zaidi ya 5,000 zilizodungwa kwa miaka 6 bila kusafisha ngozi. Hakuna aliyeambukizwa. Mwaka wa 2010, Shirika la Afya Duniani likaelekeza hivi: kwa chanjo, spiriti si lazima, ngozi ikiwa chafu, ioshwe kwa maji na sabuni.

Hatari kubwa ilikuwa kwa sindano yenyewe. Kule Yambuku, Kongo, mwaka wa 1976, wauguzi wa hospitali ya misheni walipewa sindano 5 kila asubuhi, za kudunga wagonjwa wote. Zilisuuzwa tu kwa maji ya uvuguvugu. Ebola ikapitia humo, na mlipuko huo ukaua watu 280.

“Kukhu, achana na pamba,” nikamwambia. “Angalia kama sindano inatoka kwa pakiti mpya.”

Akaangalia. Halafu akakunja mkono wa blauzi.