Mabaki ya Moto: Historia ya Kuimarisha Udongo wa Mfinyanzi

Katika karne ya 1 kabla ya Kristo, mjenzi wa Kirumi Vitruvius aliandika habari za vumbi lililopatikana Baiae na kandokando ya mlima Vesuvius. Vumbi hilo likichanganywa na chokaa liliganda hata chini ya maji. Lilikuwa jivu la volkano. Vitruvius hakuwa na kemia ya kulieleza, lakini alikuwa ameliona jambo lenyewe: kitu kilichopitia moto kikabaki bila kazi, kikikutana na chokaa, kinaweza kugeuka jiwe.

Pwani ya Afrika Mashariki chokaa ilitoka baharini. Waashi walipanga magogo kwa mviringo, wakarundika matumbawe juu yake, wakayachoma, kisha wakayazima kwa maji. Kwa chokaa hiyo ilijengwa Husuni Kubwa ya Kilwa mwanzoni mwa karne ya 14, na kwa chokaa hiyo, ikichanganywa na udongo mwekundu na mchanga, ziliinuliwa kuta za Mji Mkongwe wa Unguja. Ndoa ya udongo na chokaa ni ya zamani kwetu, tena ilifungwa bila maabara.

Bara nako moto ulikuwa na mabaki yake. Buhaya, magharibi ya Ziwa Viktoria, wahunzi waliyeyusha chuma kwa karne nyingi na kuacha mavi ya chuma ardhini. Hayo hayakufaa kushika udongo, kwa kuwa yalijaa chuma na yalikuwa na chokaa kidogo mno. Tofauti hiyo ndiyo iliyoamua mambo Ulaya katika karne ya 19. Matanuri marefu ya zama za viwanda yalilishwa mawe ya chokaa ili kusafisha madini, na chokaa hiyo ikabaki ndani ya takataka. Mwaka 1862, Mjerumani Emil Langen alitambua kwamba mavi ya chuma ya tanuri la namna hiyo, yakipozwa ghafla kwa maji yangali ya moto, huwa chembe za kioo zenye uwezo wa kuganda kama saruji zikichochewa na chokaa. Vilima vya taka vilivyozunguka miji ya chuma vikaanza kutazamwa kwa jicho jingine.

Udongo wenyewe ulichelewa kueleweka. Mfinyanzi hufanywa na vijisahani vidogo visivyoonekana kwa macho. Katika aina zenye kuvimba sana, maji hujipenyeza kati ya vijisahani na kuvitenga, na yakikauka ardhi hunywea na kupasuka. Reli ya Uganda ilipofika Nairobi mwaka 1899, mji ulianzishwa penye udongo mweusi wa aina hiyo, na wajenzi wake wanapambana nao hadi leo. Mwaka 1911 Msweden Albert Atterberg alipima kiwango cha maji kinachoutoa mfinyanzi katika ugumu na kuutia katika ulaini. Mwaka 1925 Karl Terzaghi akautia udongo katika hesabu za uhandisi. Miaka kumi baadaye Geoffrey Milne, akiwa Amani katika milima ya Usambara, alieleza jinsi udongo unavyobadilika kwa mpangilio kutoka kilimani hadi bondeni, na neno letu mbuga likaingia katika vitabu vya wataalamu kuwa jina la mfinyanzi mweusi wa mabonde.

Sasa kazi ya chokaa iliweza kuelezwa. Kwanza kalisi huchukua nafasi ya sodiamu katika vijisahani, navyo hushikamana. Udongo ulionata huwa wa kuchambuka siku hiyo hiyo. Kisha, polepole kwa wiki na miezi, chokaa huyeyusha silika na alumina na kutengeneza gundi ileile iliyomo katika saruji. Hatua hii ya pili ndiyo iliyofungua mlango kwa taka za viwanda, maana jivu la makaa ya mawe limejaa silika na alumina. Bwawa la Hungry Horse huko Montana, Marekani, lililojengwa kati ya 1948 na 1953, lilitumia jivu hilo kwa wingi katika zege, na wajenzi wa barabara wakalipeleka kwenye udongo.

Lakini chokaa peke yake ina hatari. Katika barabara ya M40 karibu na Banbury, Uingereza, tabaka la mfinyanzi lililotiwa chokaa lilivimba na kuinuka katika majira ya baridi ya 1989 na 1990, kwa sababu salfeti ya udongoni iliungana na chokaa na alumina kuwa fuwele zinazonyonya maji. Mwaka 1996 watafiti Wild, Kinuthia na wenzao huko Wales walionyesha kuwa sehemu ya chokaa ikibadilishwa na unga wa mavi ya chuma, uvimbe huo hupungua sana. Kwangu mimi hapo ndipo taka ilipoacha kuwa kitu cha kubania gharama, ikawa dawa iliyoishinda dawa ya asili.

Tarehe 30 Septemba 2024 Uingereza ilizima mtambo wake wa mwisho wa umeme wa makaa ya mawe, Ratcliffe-on-Soar. Siku hiyohiyo tanuri la mwisho la kuyeyushia madini ya chuma katika kiwanda cha Port Talbot, Wales, lilizimwa. Ni heri kwa hewa tunayovuta, lakini chemchemi mbili za mabaki zilikauka pamoja. Kwa hiyo macho yanageukia mioto mingine. Maganda ya mpunga ni kama sehemu moja ya tano ya uzito wa mpunga wenyewe, na yakichomwa bila joto kupita kiasi, yapata nyuzi 700, huacha jivu ambalo kwa sehemu kubwa ni silika iliyo tayari kufanya kazi. Halina chokaa, lazima litiwe. Mwea na Kilombero maganda hayo hurundikana kando ya mashine za kukoboa, na mbuga nyeusi haziko mbali.